Folda Isiyo na Nukta

"Niangalie mimi," Inspekta Jepkosgei alisema. "Wacha karatasi, niangalie."

Dinah Nangila aliinua uso. Alikuwa meneja wa depo ya Bungoma ya kampuni ya mbegu ya Chemichemi, mwanamke aliyezoea kuamkiwa na wakulima kwa mikono miwili. Sasa alikuwa ameketi kwenye benchi la ofisi ya upelelezi, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kimelegea, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Munene alikuandikia mara tatu," Jepkosgei aliendelea. "Seva inasema barua zote zilifika. Wewe unasema hukuona hata moja. Mmoja wenu anadanganya, na mashine haina sababu ya kudanganya."

"Hata mimi sina, madam."

"Una sababu. Watu wa Matulo wamekufa kwa mahindi yaliyotoka kwa depo yako."

Dinah alifunga macho. Jambo hilo halikuwa na mjadala. Mahindi yenyewe hayakuwa chakula. Yalikuwa mbegu zilizoshindwa kuota, zilizopakwa dawa ya kuua wadudu pamoja na rangi ya waridi ili mtu asije akakosea. Kampuni iliamuru zichomwe. Badala yake mtu akaziosha, akazianika, akazitia katika magunia mapya na kuzipitisha Bungoma kama mahindi ya kusaga. Ulikuwa mwezi wa Mei, mwaka wa elfu mbili na sita. Stoo za watu zilibaki vumbi na panya, na mahindi mapya yalikuwa hayajafika magotini shambani. Nani angeuliza mahindi ya bei nafuu yametoka wapi? Huko Matulo boma zima lilikula ugali wa jioni, na asubuhi majirani wakaja kuita bila kuitikiwa.

Na hayo yalikuwa nusu tu ya mzigo. Nusu nyingine ilitoka kwenye depo ile ile, ikapakiwa kwenye lori, ikapotea. Hakuna aliyejua iko kwa nani, wala ni sufuria gani ingetangulia kuipokea.

Festus Munene, afisa wa ubora kule Kitale, huenda alijua. Lakini Munene alipatikana mtaroni karibu na Matulo, pikipiki yake juu yake, shingo imevunjika. Kabla hajazikwa, kompyuta yake iliibwa ofisini. Ndipo Gicheru, meneja wa mauzo, alipowaambia polisi kwa upole kabisa: marehemu alikuwa amemwonya Dinah kwa barua pepe, waulizeni wenye seva. Wakauliza. Karatasi ikaja, na Dinah akatiwa ndani. Kesho angesimama mbele ya hakimu kujibu mashtaka ya mauaji.

"Nani alikwambia utoe magunia?"

"Gicheru. Alipiga simu. Akasema ni mahindi ya kampuni, ni ya kawaida tu, nitoe. Nikatoa."

"Gicheru anasema hakupiga."

"Basi niseme nini, madam? Nimesema mpaka mate imeisha."

Jepkosgei alivuta kiti karibu. Daktari wa Webuye alikuwa amempigia asubuhi hiyo. Hakutaka habari za kesi. Aliuliza swali moja: mahindi yaliyobaki yako wapi, ili niweke vitanda tayari? 

"Dinah, sikiliza. Sahau korti. Hiyo kompyuta yako ya depo, ilikuwa na shida yoyote? Hata ndogo. Hata ya kijinga."

Dinah alifikiri. "Ilikuwa inaniambia sanduku la barua limejaa. Kila siku. Nafuta barua, nafuta, hata zile za maana, kesho yake inasema ati bado imejaa. Nikaona ni mashine tu imezeeka."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Gicheru. Akasema atawaambia watu wa seva." Alipangusa pua kwa kiganja. "Akasema nisijisumbue."

Jepkosgei alisimama. Nje, Konstebo Hesbon Wamalwa alikuwa ameegemea Landrova akila muhogo wa kuchemsha.

"Kitale," alimwambia. "Na usiniendeshe kama unabeba mayai."

*

Seva ya Chemichemi haikuwa Chemichemi. Ilikuwa ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya mji wa Kitale, kwenye chumba kilichonuka rangi na waya za moto. Jasleen na mdogo wake Deep walikodisha huduma ya intaneti na barua pepe kwa makampuni ya hapo mjini. Baba yao aliwaachia chumba na paa la kuweka dishi, na kila mtu chini alijua kwamba pesa za juu ndizo zilizolipa stima ya chini.

Jasleen alikuwa peke yake. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, nywele amezifunga kwa kalamu. Aliitazama ile karatasi akairudisha.

"Ni mimi niliwapea hii. Barua zilifika, Inspekta. Sina lingine."

"Zilifika wapi?"

"Kwa sanduku la Dinah."

"Fungua hilo sanduku nione."

Jasleen akalifungua. Kulikuwa na barua chache: bei za mbolea, mwaliko wa mkutano, salamu za Pasaka. Hakuna Munene.

"Amezifuta," Jasleen alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari mbaya hospitalini. "Nasikitika. Lakini ndivyo ilivyo."

Jepkosgei hakuondoka. "Anasema sanduku lake lilikuwa linajaa kila siku. Hizi ni barua ngapi? Zinajaza?"

"Hizi? Hapana. Hizi ni kama unyoya."

"Mashine inaweza kukuambia nafasi iliyotumika?"

Jasleen akaandika amri, akabonyeza. Alisoma jibu, akaandika tena. Kisha akachomoa ile kalamu kichwani, nywele zikaanguka mabegani bila yeye kujali.

"Nini?" Jepkosgei aliuliza.

"Limejaa karibu kabisa. Lakini vitu ninavyoona ndani yake havifiki hata robo."

"Kwa hivyo kuna kitu humo hatukioni."

"Haiwezekani mimi nisikione, Inspekta. Mimi ndio naendesha seva."

"Ulikuwa unaangalia kama nani? Kama wewe, ama kama Dinah?"

 Jasleen alifunga dirisha la barua, akaingia kwenye mashine yenyewe, kule chini ambako mwenye sanduku hafiki. Orodha ya majina ilipanda kwenye kioo, herufi nyeupe juu ya weusi. Jepkosgei aliinama juu ya bega lake. Aliona majina ya folda: Mauzo, Ubora, Safari. Kila jina lilitanguliwa na nukta. Chini kabisa palikuwa na moja lililosimama peke yake.

"Hii," akagusa kioo. "Mbona hii haina nukta?"

Folda hiyo iliitwa Munene.

"Kwa seva ya aina hii," Jasleen alieleza, na maneno yakaanza kumtoka haraka, "folda lazima ianze na nukta. Ile nukta ndiyo inaambia kompyuta ya mwenye sanduku, hii ni yako, ionyeshe. Bila nukta, folda iko, inapokea barua, inakula nafasi, lakini yeye haioni. Angeweza kukaa miaka kumi na asiione."

"Na barua zinaingiaje huko?"

"Kuna kanuni za kuchuja. Unaandika: barua ikitoka kwa fulani, iweke mahali fulani." Alifungua faili ya kanuni. "Hii hapa. Ikitoka kwa Munene, iweke folda ya Munene. Basi ni kosa la kidole, Inspekta. Mtu alitaka kumpangia Dinah barua vizuri, akasahau nukta. Mungu wangu. Ni nukta tu."

"Fungua hiyo folda."

Jasleen alinyoosha mkono. Taa ikazimika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Betri ya akiba chini ya meza ilipiga kelele kama kifaranga aliyekanyagwa, na kabla hawajaigusa nayo ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi.

"Stima imeenda," Jasleen alinong'ona.

"Hamna jenereta?"

"Iko. Haina petroli. Deep ameenda kutafuta tangu asubuhi, mji wote uko na shida ya mafuta."

Jepkosgei alitoa kichwa dirishani. "Wamalwa! Toa petroli kwa tangi. Tafuta mpira, nyonya."

"Madam, iliyobaki ni kidogo sana."

"Toa."

Alirudi ndani. Mwanga wa mchana ulipita kwenye mapazia ya plastiki na kuwafanya wote wawili waonekane kama wagonjwa. Hakukuwa na la kufanya ila kungoja, na Jepkosgei hakujua kungoja bila kuuliza.

"Hizo folda zingine, zenye nukta, nani aliziandikia kanuni?"

"Deep. Kanuni zote anaandika yeye."

"Za Chemichemi yote?"

"Za kila mteja."

"Umewahi kuona ingine amesahau nukta?"

Jasleen alichezea kalamu. "Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja. Yeye ndiye alinifundisha mimi kuhusu hiyo nukta."

"Basi nieleze, dada. Mtu anayejua nukta kuliko wote hapa Kitale anaisahau mara moja tu. Kwa barua za mtu mmoja tu. Na huyo mtu sasa yuko kaburini."

 Macho ya Jasleen yalihama kutoka kwa Jepkosgei hadi mlangoni, na Jepkosgei akageuka.

"Sikusahau," Deep alisema.

Alikuwa amesimama kizingitini na kibuyu kitupu cha plastiki mkononi, kilemba chake cha buluu kimelowa manyunyu. Kijana mrefu, ndevu bado laini. Alikiweka kibuyu chini taratibu.

"Deep, usiseme kitu," dada yake alimwambia.

"Wacha, Jasi." Alimtazama Jepkosgei. "Niliitoa nukta makusudi. Gicheru alikuja hapa. Akasema Munene anamsumbua Dinah. Ati anamwandikia vitu chafu, na Dinah anaona haya kulalamika sababu yuko na mume. Akasema nifanye zisimfikie, na Dinah asijue kuna mtu anajua."

"Ukamwamini."

"Alikuwa anaongea kama mzazi, madam. Tena ndiye anasaini mkataba wetu."

"Ulisoma hata barua moja?"

"Barua ya mtu haisomwi."

"Mbona usizifute?"

"Nilifikiria siku moja Dinah atataka kumshtaki. Angehitaji ushahidi. Nikaona niziweke mahali, zisimuumize, lakini ziwepo." Sauti yake ilikwaruza. "Munene alipokufa tuliambiwa ni ajali."

"Na Dinah aliposhikwa?"

Deep aliangalia sakafu.

"Dinah aliposhikwa, kijana, ulisema nini?"

"Nilinyamaza."

Jasleen alifunika mdomo kwa mkono. Jepkosgei alivuka chumba mara mbili. Sauti ya Gicheru ilimrudia, siku ile ofisini kwake, akiwamiminia chai: marehemu alimwonya, waulizeni wenye seva. Munene asingemwambia Gicheru, ambaye ndiye alimchunguza, kwamba anamchongea. Dinah hakuziona barua hizo kamwe. Basi Gicheru alijuaje kwamba zipo, kama si yeye aliyezichimbia shimo? Alijua karatasi ya seva ingeonyesha zimefika. Alijua Dinah angekana. Alijua polisi wangeamini karatasi.

"Alitutuma hapa mwenyewe," alisema, akijisemea zaidi kuliko kuwaambia. "Na sisi tukaja mbio."

Jenereta ilinguruma nyuma ya jengo, ikakohoa, ikafa. Ikanguruma tena, ikashika. Wamalwa alipanda ngazi akitema mate ya petroli.

Seva iliwaka, lakini haikufunguka. Mstari mmoja ulitokea kwenye kioo na kukaa hapo.

"Inafanya nini?"

"Ilizimwa vibaya," Deep alisema. "Inakagua diski. Hatuwezi kuiharakisha."

"Itachukua muda gani?"

"Inategemea."

Jepkosgei aliushika ukingo wa meza. Wote wanne walikaa wakitazama alama ndogo iliyosogea kwenye kioo kama konokono. Chini, mteja alikuwa akibishania bei ya misumari. Hatimaye herufi zikaanza kumwagika, Deep akaketi, vidole vyake vikakimbia, na folda ya Munene ikafunguka.

Barua ya kwanza ilikuwa fupi. *Dinah, ile loti ya mbegu niliyokataa haikuchomwa. Nimeenda shimo la kuchomea, ni majivu ya makaratasi tu. Usitoe gunia lolote bila kuongea na mimi.*

Ya pili ilikuwa na picha, ndiyo iliyokula nafasi. Magunia kwenye stoo yenye giza. Kiganja cha mtu kimeshika punje zilizopauka, waridi bado imejificha kwenye ncha.

Ya tatu Jepkosgei aliisoma kwa sauti.

"*Dinah, sijui mbona hujibu. Kwa simu siwezi kuongea, hapa ofisini masikio ni mengi. Nimejua magunia yameenda wapi. Nusu iko Matulo. Nusu Gicheru ameiuzia ile shule ya msingi ya Saboti iliyo chini ya kanisa, ni ya chakula cha watoto wakifungua. Kesho naenda Matulo nione kwa macho, halafu twende polisi sisi wawili. Leo kuna lori limenifuata mpaka nyumbani. Tafadhali jibu.*"



"Shule zimefunguliwa lini?" Jepkosgei aliuliza, ingawa alijua.

"Jana," Jasleen akajibu.

*

Simu ya chifu wa Saboti ilikuwa imezimwa. Namba ya simu ya shule hakuna aliyekuwa nayo. Kituo cha polisi cha Kitale kilisema gari lao limepeleka mahabusu kortini, lakini askari wawili wangeenda kwa miguu kumshika Gicheru ofisini kwake.

"Msimpe nafasi ya kupiga simu," Jepkosgei aliwaambia, tayari yuko kwenye ngazi.

Landrova iliwafikisha nusu ya njia. Mvua ya juzi ilikuwa imeigeuza barabara kuwa uji mwekundu, Wamalwa akipigana na usukani, mahindi machanga yakipita pande zote mbili. Kisha injini ikakwama, ikaguna, ikanyamaza. Wamalwa hakusema neno kuhusu petroli aliyoitoa. Hakukuwa na haja.

Nyuma yao ilikuja pikapu ya duka, bado imebeba mabati mawili na ngazi. Deep alikuwa kwenye usukani. Hakuna aliyemwita.

"Ingieni," alisema.

Jepkosgei alikaa mbele, Wamalwa akashikilia ngazi nyuma. Deep aliendesha akiwa amekaza taya, magurudumu yakiteleza kutoka ukingo hadi ukingo.

"Labda hawajapika bado," alisema.

"Angalia barabara."

"Labda mahindi ya zamani walikuwa nayo."

"Deep. Angalia barabara."

Waliona moshi kabla ya kuona shule. Ulipanda nyuma ya darasa la mwisho, mweupe, mtulivu, moshi wa kuni mbichi. Pikapu ilipita lango bila kupunguza mwendo. Watoto walikuwa wamepanga foleni uwanjani, mabakuli na vikombe mikononi, wakubwa nyuma, wadogo mbele. Mwanamke mmoja aliyejifunga leso kiunoni alikuwa ameinua mwiko mkubwa juu ya sufuria. Mtoto wa kwanza alikuwa ameshanyoosha bakuli.

Jepkosgei aliruka kabla gari halijasimama. Hakuwa na wakati wa kueleza. Alilipiga bakuli la mtoto likaruka, akaiegemea ile sufuria kwa bega lake lote, akasikia koti likiungua. Sufuria ikayumba, ikapinduka, githeri ikamwagika kwenye tope kwa mvuke.

 Mpishi alibaki na mwiko hewani.

Kisha watoto wakaja. Si kwa fujo. Walikuja kama kuku wanavyokuja penye punje, wakachuchumaa, wakaanza kuokota mahindi na maharagwe kwenye tope na kuyapangusa kwa mashati.

"Msikule! Tupeni! Wamalwa!"

Wamalwa aliingia katikati yao, na Jepkosgei naye, na Deep. Wakaanza kukanyaga. Walikanyaga chakula kwa viatu mbele ya watoto wenye njaa, wakikizamisha ardhini, wakiwapokonya walichoshika, wakikitoa vinywani mwao kwa vidole. Msichana mmoja alimuuma Jepkosgei kidole gumba, akashikilia. Mvulana mwingine alisimama tu akilia bila sauti, akitazama buti za Wamalwa zikipanda na kushuka.

"Nyinyi ni akina nani?" Mwalimu alikuwa anakuja mbio kutoka darasani, chaki bado mkononi. "Mmewamwagia watoto chakula? Hawa wengine hawajakula tangu jana."

"Polisi. Mahindi haya yametiwa sumu, mwalimu. Ni yale yameua watu Matulo. Mmeyapata kwa Gicheru?"

Chaki ilianguka. Aliitwa Mwalimu Cheptoo, na ndiye aliyekuwa anashikilia kazi ya mwalimu mkuu. "Alituuzia kwa huruma," alisema. "Alisema ni kwa sababu ya watoto."

"Kuna mtu amekula?"

"Hawa bado. Ndiyo tulikuwa tunaanza. Jana tulitumia ya zamani." Alisimama. Jepkosgei aliiona sura yake ikibadilika, damu ikihama. "Lakini tulisaga kidogo. Ya uji. Wale wa nasari wamekunywa saa nne."

"Wako wapi?"

"Wamejilaza. Wakishakunywa uji tunawalaza."

Chumba cha nasari kilikuwa cha udongo, mlango wa mabati. Ndani palikuwa na mikeka na watoto juu yake, wamelala ubavu kwa ubavu, vikombe vimepangwa vizuri ukutani. Jepkosgei alipiga magoti kwa wa kwanza, akamtikisa, akamfungua kope. Mboni zilikuwa pana. Mtoto alimsukuma mkono na kuanza kulia.

"Mwamshe kila mmoja," alisema. "Anayelia, mtoe nje. Asiyelia, niite."

Walienda mkeka kwa mkeka. Cheptoo alikuwa akiwaita kwa majina, sauti ikimkatika. Mmoja baada ya mwingine waliamka na hasira zao za usingizi, wakatolewa, wakaketishwa kwenye jua. Wengine walitapika mlangoni, na Wamalwa akawasifu kama wameshinda mbio. Kelele ilijaa chumbani, na kwa muda Jepkosgei alianza kuamini kwamba uji ulikuwa mwepesi, kwamba dawa iliosheka, kwamba walikuwa wamewahi.

"Madam," Deep aliita kutoka pembeni.

Walikuwa watatu, chini ya dirisha, wale waliopenda uji wakaongezewa. Wasichana wawili na mvulana. Jasho liliwalowesha kana kwamba wamenyeshewa, mate yakiwachuruzika shavuni. Jepkosgei alifungua kope la mvulana. Mboni ilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Alizijua mboni hizo. Aliziona Matulo, kwa watu wazima, wakati hazikuwa na faida tena.

Walitupa mabati na ngazi chini. Deep alimpa Wamalwa funguo, kisha akapanda nyuma yeye mwenyewe, akakaa sakafuni, akampakata mvulana. Cheptoo alibeba msichana mmoja, Jepkosgei wa pili. Watoto waliobaki waliachiwa mpishi na wazazi waliokuwa wameanza kukusanyika langoni, wakiuliza ni nini, ni nini.

Njiani simu ya Jepkosgei ilipata mtandao. Askari wa Kitale walisema Gicheru wanaye, walimkuta kwenye foleni ya mafuta. Akapiga Bungoma, akampata ofisa wa zamu.

"Mtoe Dinah Nangila selo," alipaza sauti juu ya kelele za injini. "Ndiyo, sasa hivi. Mrudishie viatu vyake. Barua ninazo."

Msichana mikononi mwake alishtuka, akakunja mwili, akamtapikia kifuani, akavuta pumzi ndefu yenye mluzi. Jepkosgei alimgeuza ubavu na kumpangusa mdomo kwa kola yake. Yule wa Cheptoo naye alikuwa akilalamika kwa sauti ndogo. Deep aliwatazama, kisha akainama tena juu ya mvulana, akamfunika kwa koti lake, akawa anamsugua mgongo, anamsugua, akimwambia kitu kwa lugha ya kwao.

Hospitalini Wamalwa aliingia na gari mpaka penye ngazi. Wauguzi walitoka mbio na kuwachukua wasichana. Mmoja alirudi, akasimama nyuma ya pikapu na mikono imenyooshwa. Deep hakumpa mtoto.

"Deep," Jepkosgei alisema. "Mlete."

"Bado ana joto, madam."

"Najua."

"Mguse. Ana joto kabisa."

Jepkosgei alipanda tena garini. Aliweka vidole viwili chini ya taya ya mvulana, akaviacha hapo muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kisha akalifunua koti, akaingiza mikono chini ya mgongo mdogo, na Deep akamwachia. Muuguzi alimpokea bila kuuliza.

Deep alibaki amekaa pale pale, mikono yake bado imekunjwa kwa umbo la mtoto. Baada ya muda akainyoosha mbele, viganja juu, kwa ajili ya pingu.

"Jina lake nani?" alimuuliza Cheptoo.

Mwalimu akamwambia. Jepkosgei alimpa Wamalwa ishara amshike kijana mkono ashuke, wala asimfunge bado, kisha akaingia ndani kumtafuta mtu wa kwenda kuwaita wazazi.